Mpangaji wa Saa Saba

Jana saa saba mchana ulikuwa wapi, na nani alikuona ukiwa mzima?

Usinikunjie uso. Swali hilo si langu, ni la chumba cha mishipa, ghorofa ya chini, mlango wa tatu kushoto ukitoka kwenye lifti, na halina adabu kwa sababu halina muda. Mtu akiletwa pale mdomo umekwenda upande na mkono unaning'inia kama wa shati lililoanikwa, hakuna anayeuliza jina wala kazi. Wanaomleta huulizwa jambo moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Jibu likiwa ndani ya masaa sita, mlango unafunguliwa. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unapanda tumboni, kifuani, shingoni, mpaka ndani ya ubongo. Kwenye ncha yake kuna wavu wa chuma mdogo kuliko kidole cha mtoto mchanga, unalikumbatia donge la damu lililoziba njia na kulivuta nje. Damu inapita. Mtu aliyekuwa gogo anauliza viatu vyake viko wapi. Jibu likizidi masaa sita, kwa utaratibu wa hospitali ile, mlango haufunguliwi. Mgonjwa anapelekwa wodini na ndugu wanaambiwa pole.

Kwa hiyo pale saa ni kila kitu, na anayeiandika ni mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa daktari wa kike aliyebandikwa jina la Dakika, kwa kuwa haikupita siku bila kumkumbusha mtu kwamba kila dakika ya kiharusi inaondoka na mamilioni ya chembe za ubongo. Alimwambia dereva wa gari la wagonjwa, alimwambia mpishi wa kantini aliyechelewesha chai, alimwambia mumewe mpaka mumewe akaacha kumsubiri kula. Alikuwa hodari, tusimnyang'anye haki yake. Wagonjwa arobaini walikuwa wamepita mikononi mwake na mishipa yote arobaini ilifunguka. Arobaini kwa arobaini. Wageni wakubwa walikuja na kamera kuisikia hesabu hiyo kwa masikio yao, wakampigia makofi, wakampa cheti chenye fremu. Kikatundikwa juu ya sinki, mahali ambapo kila anayenawa mikono hana budi kukisoma.

Na tangu siku ile ya makofi, Dakika alinawa mikono akiangalia chini.

Ubaya wenyewe ulianza na kipande cha shashi ya kufungia vidonda.

Ilikuwa Jumanne, mwezi na kitu baada ya wageni, saa saba mchana, chumba kimefungwa watu waende kula. Msafishaji aliingia na ndoo yake. Alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Bi Viatu, kwa sababu zamani hakumruhusu hata mkurugenzi kukanyaga sakafu yake bila kubadili viatu. Juu ya meza ya vyombo, meza aliyoifuta mwenyewe asubuhi, palikuwa na shashi nyeupe imekunjuliwa vizuri, na katikati yake donge la damu lenye ukubwa wa punje ya mchele.

Madonge huwekwa hivyo. Likishatolewa kichwani mwa mtu hulazwa juu ya shashi na kupigwa picha pembeni ya rula, kwa kumbukumbu na, tuseme kweli, kwa majigambo. Lakini tangu Jumamosi hapakuwa na mgonjwa.

Bi Viatu alimwita Sista, muuguzi wa chumba. Sista alimwita Mionzi, fundi wa mashine ya picha, mtu ambaye hata msibani hutafutiwa kiti cha nyuma kwa sababu ya mzaha wake.

"Nani kaacha takataka zake hapa?" Sista akauliza.

"Si mimi. Takataka zangu zinajulikana, ni maganda ya karanga."

Sista alivaa glovu akaligusa. Akarudisha mkono haraka.

"Lina joto."

"Joto la nini?"

"La mtu," Sista akasema kwa sauti ya chini.

Walimwita Dakika. Alilitazama akiwa mlangoni, hakuingia. Alisema tupeni, mmesahau kusafisha, na mimi nina ripoti ya kumalizia. Sista akamjibu kwamba damu haikai na joto siku tatu, daktari, labda iwe na miguu. Dakika alikwishageuka.

Jumatano lilikuwepo jingine, urefu wa njiti ya kiberiti. Alhamisi jingine, na hili lilikuwa na matawi, kama mzizi alioung'oa mtu akajitahidi usikatike. Kila siku ni saa saba, hata walipoufunga mlango kwa ufunguo na Mionzi akaketi mbele yake na sahani yake ya chakula mapajani. Siku hiyo ndipo aliposikia. Nyuma ya mlango ule mzito wenye bamba la risasi ndani la kuzuia mionzi, chumba kikiwa hakina mtu, kitu kilikuwa kinakimbia tatatatata, kinanyamaza, kinakimbia tena. Aliweka kijiko chini. Mama yake alikuwa na chombo cha namna hiyo, na mtoto aliyelala chini ya cherehani haisahau sauti yake mpaka anazeeka. Chini ya mlango ilikuwa inapita harufu ya mafuta ya mashine, na ya kitambaa kilichopigwa pasi sasa hivi.

"Sista," alisema baadaye, "humu ndani kuna mtu anashona."

"Anashona nini?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa nakimbia."

Kisha maneno yakaanza kupotea. Sista aliinua mkono katikati ya kazi kuomba kitu anachokiomba mara thelathini kwa siku, akabaki na mkono hewani. "Nipe ile… ile nyeupe… ile." Alikuwa na macho ya mtu anayepapasa mfuko ambao ufunguo ulikuwemo. Akitoka nje ya mlango neno linamrudia. Akiingia, linabaki nje kama mbwa. Mionzi alisema chumba hicho kingefaa kukodishiwa wake za watu, wiki moja moja. Siku iliyofuata, saa saba na nusu, alitaka kumtaja mwanawe wa kwanza, jina halikuwepo, akakaa kwenye kiti akishika kichwa, na mzaha ukaisha. Ilipogonga saa tisa kila kitu kilirudi, maneno, hewa, harufu ya sabuni, kana kwamba aliyekuwemo amekunja kazi yake akaenda.

Dakika peke yake hakuuliza harufu ile inatoka wapi.

Sasa niseme alichofanya, maana yeye anajua kunyamaza kuliko mnavyodhani.

Siku moja kabla ya wageni, Bi Viatu alikwenda kwake kula, nyumba iko mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali. Mama yake, fundi cherehani wa miaka sabini na tisa, aliacha kazi mashineni wakala pamoja. Bibi alimtania binti yake kwamba nywele hizo kazisuka kwa kutumia mguu. Saa saba kamili Bi Viatu alitazama saa ya ukutani, akachukua mkoba akarudi zamu. Saa nane jirani alimkuta bibi sakafuni, kitambaa kiko mkononi. Saa nane na nusu alikuwa tayari amelala kwenye mashine ya picha, na binti yake amesimama nje na sare ya usafi.

Ukihesabu, yalibaki masaa manne na nusu. Watu wamefunguliwa mishipa kwa muda mfupi kuliko huo na wakarudi kucheza na wajukuu. Dakika aliiangalia picha. Donge lilikuwa upande wa kushoto, pale pale maneno yanapokaa. Ubongo ulikuwa bado mzima, unasubiri. Kisha akaiangalia shingo. Ilikuwa mishipa ya uzee, imejipinda ikarudi ikajipinda tena, kama kamba iliyotupwa chini na mtu mwenye hasira. Mrija ungepanda, au usingepanda. Nusu kwa nusu. Na kesho yake saa nne asubuhi kulikuwa na wageni waliosafiri kuja kuambiwa arobaini kwa arobaini. Arobaini kwa arobaini na moja haipigiwi makofi.

Alikaa na picha ile dakika nne. Yeye, Dakika. Kisha akachukua kalamu, na pale penye swali la mara ya mwisho kuonekana mzima akaandika saa moja asubuhi. Akatoka nje akamshika Bi Viatu mkono.

"Dada, picha inaonyesha jambo hili lilianza asubuhi. Muda umetupita."

"Lakini saa saba alikuwa mzima, daktari. Nimekula naye. Kanitania nywele."

"Wakati mwingine kinaanza kidogo kidogo. Asiyejua dalili hawezi kuona."

"Kwa hiyo nilikuwa nakula naye, naye tayari…"

"Usijilaumu," Dakika akasema, na kama hujui, hiyo ndiyo namna ya kumlaumu mtu ukiwa umevaa glovu.

Bibi aliishi siku kumi na moja wodini. Hakutamka neno. Mkono wa kushoto tu ndio ulikuwa hai, nao ulishinda ukilisukuma shuka mbele, polepole, umenyooka, kama anayeongoza kitambaa chini ya sindano. Alipokufa, kaka zake Bi Viatu walimuuliza mbele ya watu: ulikaa meza moja na mama anakufa, ukamwomba chumvi? Tangu siku hiyo hawapokei simu yake.

Alirudi kazini. Suala la viatu aliliacha. Watu wakaanza kuingia na vumbi la barabarani na yeye akafuta nyuma yao bila kusema kitu. Wiki ya kwanza alimfuata Dakika ofisini akiwa ameshika daftari la shule.

"Daktari, nimekuja kukushukuru. Wengine wangenificha ukweli."

Dakika alisema si kitu.

"Nilikuwa naomba unifundishe hizo dalili. Nina watoto. Nisije nikakosa tena."

Basi Dakika alimfundisha. Alichora uso, mdomo ulioshuka upande mmoja, mikono miwili, mmoja umeanguka. Bi Viatu alinakili taratibu, akiuma ulimi kama mtoto. Kuanzia kesho yake kila asubuhi alimsimamisha kila anayeingia chumba cha mishipa. Sista, tabasamu. Inua mikono. Nitajie jina lako. Mionzi alitabasamu meno yote akaambiwa ameponea chupuchupu. Dakika naye akasimamishwa.

"Na wewe, daktari. Hakuna mkubwa kwa haya mambo."

Akatabasamu. Mdomo ulikwenda sawasawa pande zote mbili.

"Mzima," Bi Viatu akasema, na Dakika akaenda chooni akafungua bomba ili asisikike.

Sista ndiye aliyetaka mganga. Mkurugenzi alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye hajui kitu. Kwa hiyo katika kitabu cha wageni, Jumanne nyingine, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kusomea na mkoba wa heshima aliandikishwa kuwa fundi wa viyoyozi. Alifika saa saba kasoro robo. Alibadili viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliomba glasi ya maji, wote wakasogea nyuma wakijua ataimwaga mahali, akainywa. Kisha akaketi kwenye kiti cha magurudumu cha daktari, akaweka mkoba mapajani kama anayesubiri basi.

Saa saba ilipofika hewa ilizama. Harufu ikaja, mafuta, pasi, na chini yake kitu kingine walichokuwa hawajakisikia kabla, jasho la shingo ya mtu mzee aliyeinama muda mrefu. Mashine ya kunyonya damu, ambayo waya wake ulikuwa umening'inia ukutani haujachomekwa, ilianza kuvuta, tatatatata, ikapumzika, ikavuta.

Mganga alisikiliza na kichwa upande.

"Huyu hakutumwa," akasema taratibu. "Wa kutumwa ana haraka. Huyu kapanga."

"Kapanga wapi, mama?" Mionzi akanong'ona.

"Humu kuna saa imeachwa tupu. Mtu kaifuta, ikawa haina mwenyewe, naye kaingia na kazi yake. Si mtu mliyemzika, msije mkamsingizia marehemu. Ni jini, kakuta nyumba ina harufu ya mtu, kavaa nguo zilizoachwa. Na kila akikaa anaongeza chumba. Leo anakula maneno. Atafika kwenye watu."

"Tumtoeje?"

"Aliyeifuta hiyo saa airudishe, kwa mdomo wake, kwa mtu aliyemnyang'anya. Mimi hapo sina dawa. Haya, nani humu kadanganya?"

Walitazamana. Woga hufungua midomo kuliko pombe. Mionzi akakiri kwamba karanga huzilia ndani, nyuma ya skrini, na maganda huyasukuma chini ya kabati. Sista akakiri kwamba joto la friji la dawa huliandika la wiki nzima Jumatatu, bila kulifungua. Mganga alikuwa anaitikia mm, mm, kama anayechagua nyanya. Mashine haikupunguza hata pumzi.

Ndipo Bi Viatu, aliyekuwa ameegemea mpini wa deki mlangoni, akasema, "Mimi nilikula na mama yangu sikumwangalia usoni."

Mashine ilinyamaza. Ilinyamaza kabisa, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Mganga alimgeuzia kiti. "Hilo si lako, mwanangu," akasema. "Sijui ni la nani, lakini hilo umevishwa." Akazungusha kiti. "Na wewe, daktari?"

"Mimi siamini mambo haya."

"Sijakuuliza unaamini nini."

Dakika alimwona Bi Viatu pembeni ya jicho, mikono miwili juu ya mpini, anasubiri kwa heshima kama anavyosubiri sakafu ikauke. Ilikuwa sentensi moja tu. Alikuwa nayo, imekaa mdomoni tangu siku ya makofi, ina uzito wa jiwe la kusagia. Akafikiria cheti, akafikiria baraza la madaktari, akafikiria, na hili ndilo lililomuumiza zaidi kwa kuwa lilikuwa dogo, kwamba hatasalimiwa tena na huyu mwanamke asubuhi.

"Sina la kusema," akasema.

Mganga aliinuka akakung'uta sketi yake.

"Basi mimi naondoka. Siwezi kumfukuza mpangaji, na mwenye nyumba anasema hayupo." Nyuma yake mashine ikaanza tena, kwa kasi.

Alhamisi, saa sita na robo, aliletwa mwalimu wa hesabu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, ana chaki kwenye mkono wa gauni. Mumewe alisema saa tano alikuwa ubaoni, darasa zima shahidi. Upande wa kulia umekufa, hana neno. Chumba kingine cha namna ile kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari. Sista alimtazama Dakika, akatazama saa ya ukutani, akanong'ona, "Tusubiri mpaka saa tisa?"

"Picha yake inaonyesha ubongo unakwisha haraka. Saa tisa hatakuwa na cha kuokoa."

"Basi tuingie. Tutaongea kwa mikono."

Wakaingia. Walivaa aproni zao nzito za risasi, wakamchoma mwalimu ganzi pajani, na kwa muda mambo yalikwenda kama yanavyokwenda, waya ukipanda, mrija ukiufuata, Mionzi akiwa nyuma ya kioo anasoma presha kwenye kipaza sauti kwa sauti ya mtu anayesali. Saa saba iligonga mrija ukiwa kifuani. Hewa ikazama, harufu ikaja yote kwa mara moja, na Dakika, ambaye hakuinua kichwa, aliomba dawa ya rangi kwa kidole, akaisukuma, ili mishipa ya shingo ionekane.

Ikaonekana, na mikono yake ikasimama, kwa sababu mishipa ni kama uso, hakuna miwili inayofanana, na ukishakaa na mmoja dakika nne ukitafuta sababu ya kuuacha huusahau, na ule uliokuwa unajichora mweusi kwenye skrini, ukijipinda na kurudi na kujipinda tena kama kamba iliyotupwa chini na mtu mwenye hasira, haukuwa wa mwalimu huyu wa miaka arobaini na sita.

"Daktari," sauti ya Mionzi ikasema kwenye kipaza sauti, "picha ya nusu saa iliyopita inaonyesha shingo imenyooka kama rula. Naiangalia hapa. Sasa hiyo ni ya nani?"

Alitaka kumwambia anyamaze, neno halikuwepo. Alitaka kumwambia Sista avute mrija kidogo, halikuwepo, wala vuta, wala mrija, wala jina la Sista, na alipokwenda ndani zaidi kuyatafuta alikuta chumba baada ya chumba kimefagiliwa, lugha zote zimebebwa, za shuleni, za nyumbani, za mapenzi, mpaka akafika ukuta wa mwisho ambapo palikuwa pamebaki kitu kimoja tu hakijachukuliwa, kimeachwa kwa makusudi, kama mwizi anavyomwachia mwenye nyumba taa. Mashine ya kunyonya ilikuwa inakimbia. Kwenye skrini ncha ya waya, ambao mkono wake mwenyewe ulikuwa umeushika bila kuusogeza, ilikuwa imeanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, pigo dogo dogo la sindano kwenye ukuta wa mshipa ambao ukitoboka mtu anakwisha kabla hujavua glovu, na mkono wa kushoto wa mwalimu, ule mzima, ulikuwa umetoka chini ya kitambaa, unalisukuma shuka mbele, polepole, umenyooka.

Kisha mwalimu, ambaye hakuwa na neno tangu saa tano, akafumbua mdomo uliopinda, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu na ya kizee na haikuwa na hasira hata kidogo.

"Nilionekana mzima saa ngapi?"

Dakika alimtazama Sista, akaupindisha uso wake kuelekea mlangoni, akaupindisha tena, na Sista, ambaye miaka kumi na miwili ya kazi ilimfundisha kumsoma mtu kwa macho tu juu ya barakoa, akakumbuka nani aliyeinyamazisha mashine, akaelewa, akatoka mbio akarudi na Bi Viatu, aproni ya risasi ikimfika vifundoni. Alikuwa amebadili viatu. Aliona mkono ule juu ya shuka, akaujua.

"Kulikuwa na kosa la maandishi," Dakika akasema. Maneno yalitoka. Yalikuwa yamebaki hayo tu, ya jambo hilo tu.

Sindano ikaongeza kasi.

"Fomu ya mama yako. Saa ilijazwa vibaya."

"Presha inashuka," Mionzi akasema. "Daktari. Inashuka."

"Na nani?" Bi Viatu aliuliza, kwa upole, kama anavyouliza nani kamwaga chai. "Ilijazwa na nani?"

Dakika alimwangalia machoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya makofi, na uso alioukuta ulikuwa umezeeka kwa ajili ya kitu ambacho haukukifanya.

"Na mimi. Kwa makusudi," akasema, na kwenye skrini pindo la kwanza la mshipa likalegea, lakini yeye hakuligeukia. "Mama yako alikuwa mzima saa saba. Hukukosa dalili, hakukuwa na dalili. Ulichokiona mezani ndicho kilichokuwepo. Nilikuwa na masaa manne na nusu mkononi, na ubongo wake ulikuwa unatibika, niliuona. Nikaona na shingo yake ni ngumu. Nikaogopa kushindwa siku moja kabla ya wageni. Basi nikaandika saa moja asubuhi nikamwacha, kisha nikatoka nje, nikakushika mkono, nikakubebesha wewe."